Sekunde Nane

Rimoti nne ndani ya kopo la biskuti,
ya tano imefungwa utepe mgongoni isimwage betri.
Toshie akitaka kutazama sumo
huanza kwa kumwita mtu.

Basi mzee Kuwabara,
miaka thelathini na minane mtu wa ishara
katika reli za Asahikawa,
amepiga magoti nyuma ya kabati la televisheni,
tochi mdomoni, theluji ikigonga kioo,
anatafuta tundu la pini tisa
ambalo kijana wa dukani alisema halina kazi tena.

Lina kazi.

Kitabu cha maelekezo, ukurasa wa arobaini na saba,
kina doa la chai lililokula nusu ya jedwali.
Biti elfu tisa na mia sita kwa sekunde.
Nane za neno, moja ya kusimama.
Anayasoma kwa sauti, kidole kimenyooka,
kama alivyoinyooshea kidole kila taa ya njia:
Kijani! Pita!
Kidole kwanza, mdomo pili, treni baadaye.

Akaandika herufi nne za kuwasha.
Kikuza sauti kimya.
Akaandika tena. Kimya cha mtu aliyenuna.
Siku mbili akagombana na waya mmoja
hadi akaufungua, akauona ujinga wake:
ya pili kwa ya pili, ya tatu kwa ya tatu,
mdomo umepachikwa mdomoni, sikio sikioni,
huku wanasema, kule wanasikiliza,
na neno halina pa kupita.
Akazivusha. Moshi wa lehemu ukampanda puani.

Bado.

Usiku wa manane, miwani juu ya miwani,
akaiona ikichungulia ukingoni mwa doa: 0D,
alama isiyo na sura
ikaayo mkiani mwa amri
kumwambia anayesikia: nimemaliza,
zamu yako.

Akaiweka.
Ko! ndani ya sanduku. Taa nyekundu ikawa bluu.
Na kwenye kompyuta, herufi kwa herufi,
amri yake ikamrudia,
vile kituo cha mbele kilivyokuwa kikimrudishia namba ya treni
kabla hajathubutu kuinua mkono.
Alicheka peke yake, mzee mzima, sakafuni,
soksi moja imetoboka.

Asubuhi akatuma tatu kwa mkupuo:
washa, chagua televisheni, sauti ishirini na nane.
Iliitika ya kwanza. Mbili zilipotea
kama maneno aliyeambiwa mtu anayefikicha macho.
Akapima kwa saa yake ya reli.
Sekunde nane, ndipo mashine inapata akili.
Akaandika: washa. Ngoja nane. Chagua. Ngoja. Sauti.

Toshie alikuwa mlangoni na koleo la theluji.
"Kwa hiyo unaiamsha, unaingoja,
unaiambia, halafu unangoja ikujibu?"
"La sivyo haisikii."
"Sekunde nane."
"Nane kamili."
Akakung'uta buti, moja, la pili.
"Mimi ungenipa hata tatu."

Akaenda kumenya figili.
Kisu kilisikika kikiendelea muda mrefu
kupita figili moja.

Jioni, kitufe kimoja. Ko!
Wakakaa wakiutazama weusi wa skrini,
uso wake na uso wake humo, hafifu.
"Unataka sumo," alisema, kisha akajisahihisha:
"Unataka nini?"
Akaweka ile alama isiyo na sura.
Alifunga mdomo.
Moja. Mbili. Tatu, hapo ndipo huwa anadakia.
Nne. Jokofu likakohoa.
Tano.
Kwenye ya sita Toshie akasema, "Izime. Kaa tu hapa."

Amri ya kuzima imo chini ya doa la chai.
Akainuka, magoti yakilia,
akachomoa waya ukutani.